Sauti ya Mama Riddhi kwenye Kompyuta Namba Nne

SEHEMU YA SITA

Naapa kwa meno yangu sita yaliyobaki kwamba kila neno la hadithi hii ni la kweli. Niliapa hivyo wiki ya kwanza, na ahadi yangu ni ile ile: atakayenikamata na uongo hata mmoja, mdogo kama punje ya wimbi, nitamnunulia kuku mzima wa kienyeji, tena firigisi, kipande cha wazee, ale yeye. Mzee anayeweka firigisi yake rehani hana mzaha.

Basi tusogee. Tulimwacha mhudumu Munyiva peke yake ndani ya saiba ya Bwana Lalit, duka la kukodisha kompyuta, ghorofa ya tatu, Barabara ya Biashara, mchana kweupe, Ijumaa ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindi. Wateja amewatoa, geti la chuma amelivuta. Amefungua mchezo mfupi asioujua umeletwa na nani kwenye kompyuta namba nne. Na kutoka kwenye zile spika mbili ndogo zilizokaa kando ya skrini, ikatoka sauti ya Sejal, mke wa Bwana Lalit, aliyefariki mwaka jana:

"Munyiva, beta. Umekula?"

Maiti hajibiwi.

Munyiva alikaa vile vile, kidole juu ya kibodi, jasho likimteremka katikati ya mgongo kama mdudu. Swali lile alilijua, na hilo beta, yaani mwanangu, pia alilijua. Mama Riddhi, maana ndivyo wafanyakazi walivyomwita, alikuwa akimuuliza kila siku saa saba kamili, kisha anafungua kopo lake na kumkatia kipande cha thepla, chapati yao ya viungo. Miaka minne, mpaka alipougua, hakukosa hata siku moja.

Na sauti ya mama yule ilikuwemo kweli kwenye kompyuta ile, zamani. Ilifutwa mwezi wa Agosti. Hilo Munyiva alilijua kuliko mtu yeyote Nairobi hii, kwa sababu aliyeifuta ni yeye.

Wewe uliyelinunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, kaa hapa nikusogezee kiti.

Wafanyabiashara wa kina Bwana Lalit wana desturi ya kubariki vyombo vya kazi siku ya Diwali. Yeye chombo chake ni kompyuta. Kila mwaka siku hiyo alikuwa akija na mkewe na binti yao Riddhi kutoka nyumbani kwao Parklands, wanapaka kila skrini nukta nyekundu, na Sejal anaimba. Alipoanza kuugua alirekodi wimbo ule kwenye namba nne, ili hata asipokuwepo, mashine zisikose baraka.

Mwezi wa Agosti, uvumi ukaenea mjini kwamba kuna wakaguzi wanaowasaka wenye programu za wizi. Bwana Lalit akaogopa. Akamwambia fundi wake, Mungai, atie Linux kwenye mashine zote, ile programu ya kuendeshea kompyuta yenye picha ya penguini, kwa kuwa hiyo ni ya bure na haina mwenyewe wa kukushtaki. Mungai akatia tano. Ya namba nne akaiacha, akamwambia Munyiva: "Hii usiiguse mpaka nirudi. Wimbo wa mama uko ndani, lazima niutoe kwanza."

Munyiva alikuwa amemtazama akifanya tano. Mikono ikamwasha. Akaingiza CD ya Linux.

Skrini ikamuuliza swali refu la Kiingereza. Sasa, mhudumu wa saiba kutwa nzima huulizwa maswali na mashine. Unataka hivi? Una hakika? Na kutwa nzima hubonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, ili mteja asimpigie kelele. Akabonyeza ndiyo. Swali lilikuwa hili: je, nifute kila kitu?

Penguini ni mtiifu. Akafuta.

Alipoulizwa, Munyiva alisema maneno mawili tu: "Ni Mungai." Na Mungai akateremshwa ngazi za ghorofa tatu mbele ya wateja, bila kusikilizwa, begi la vifaa likirushwa nyuma yake.

Leo ndiyo siku. Saa tisa Bwana Lalit na Riddhi watapanda ngazi zile, na kwa mara ya kwanza hakutakuwa na wimbo. Saa ya ukutani inasema saa tisa kasoro dakika kumi.

Turudi kwenye skrini.

Mchezo wenyewe ulikuwa na ukumbi mrefu wa kijivu, milango minne, na juu ya kila mlango taa ya mafuta inayowaka. Mwanzoni kabisa uliandika: *Dakika ishirini tu, ukisema kweli.* Mwisho wa ukumbi alisimama mwanamke aliyevaa sari, mgongo ameupa mchezaji.

Mlango wa kwanza Munyiva alishaupita, kwa uongo, kama mlivyosoma gazeti la wiki iliyopita, na taa moja ilishazimika. Sasa maneno yakajiandika, herufi moja moja, kama mtu anayeandika polepole kwa makusudi:

*MLANGO WA PILI. Siku ile ya Agosti, ulikuwa peke yako?*

Agosti.

Akabonyeza *Hapana.*

Taa ya pili ikazimika. Yule mwanamke mwisho wa ukumbi akasogea. Hakugeuka, ila bega moja lilikuja mbele kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa sokoni.

"Ni mchezo," Munyiva akajiambia kwa sauti. "Ni mchezo tu wa watoto wa chuo."

Akatafuta pa kuufunga. Hakuna. Ulikuwa umejaza skrini nzima. Akabonyeza vile vitufe vitatu vya kuua programu, alivyozoea tangu zamani. Penguini hakuvitambua. Akajaribu tena, mikono miwili, kama anayemkaba kuku.

*MLANGO WA TATU. Wakati unabonyeza, Mungai alikuwa wapi? Hapa, au Karen?*

Karen. Siku ile Mungai alikuwa mtaa wa Karen kweli, nyumbani kwa daktari mmoja, akitengeneza kompyuta yake. Munyiva hakuwahi kumwambia mtu neno hilo. Ndilo neno ambalo lingemwokoa Mungai, na ndiyo maana alilimeza.

Akainama chini ya meza, akashika waya wa umeme, akauchomoa ukutani.

Kimya.

Kisha: *tii. Tii. Tii.*

Alipoinua kichwa, skrini ilikuwa bado inawaka. Taa mbili bado zinawaka. Alikuwa amesahau kwamba chini ya kila meza kuna kisanduku cha betri, na kwamba ni yeye mwenyewe anayewatuliza wateja kila stima ikipotea: usijali, una dakika kumi za kuhifadhi kazi yako.

Dakika kumi na mama huyu.

Akabonyeza *Hapa.* Kidole chenyewe kilibonyeza, kwa mazoea ya miezi mitatu ya kusema hivyo hivyo. Taa ya tatu ikazimika. Mwanamke akageuka nusu. Sikio moja likaonekana, na hereni ya dhahabu yenye umbo la embe dogo.

Mama Riddhi alizikwa... la, hawazikwi. Mama Riddhi alichomwa na hereni zake zikabaki. Riddhi ndiye anayezivaa sasa.

Harufu ya mafuta ya nywele ya jasmini ikampita Munyiva puani, kama mtu aliyepita nyuma yake kwenda dirishani. Hakugeuka kuangalia. Kwenye chumba kitupu, mwenye akili hageuki.

*MLANGO WA NNE.*

Safari hii picha yote ikafutika. Ukumbi ukaondoka. Ikabaki skrini ya kijivu na mstari mmoja wa maneno, herufi zile zile, mahali pale pale lilipokuwa swali la mwezi wa Agosti, ila sasa kwa Kiswahili:

*Nifute kila kitu? NDIYO. HAPANA.*

Munyiva akaweka mikono mapajani kama mtoto aliyeambiwa asiguse chakula.

Geti la chuma likagongwa.

"Munyiva. Fungua."

"Nani?"

"Umefika mlango wa ngapi?"

Akageuka. Nje ya geti, begi begani, amesimama Mungai. Amekonda. Shati ni lile lile la siku aliyofukuzwa.

"Ni wewe," Munyiva akasema. "Umeniwekea shetani kwenye mashine."

"Shetani hajui kuandika programu. Ni mimi, wiki tatu, usiku na mchana, chumbani kwangu Kawangware. Fungua basi, ama unaogopa mtu mwembamba hivi?"

Akafungua, lakini akashika ufagio.

"Nani amekwambia habari ya Agosti?"

"Penguini. Wewe ulidhani ni picha tu ya kuwachekesha wateja?" Mungai akaweka begi chini. "Hiyo Linux siku ya kutiwa huandika kila kitu. Tarehe, saa, dakika, nani alijibu nini. Tisa na dakika kumi, tarehe kumi na nne. Saa hiyo nilikuwa Karen nimelala chini ya meza ya daktari. Riddhi ndiye aliyefungua hiyo kumbukumbu akanitumia. Na ni yeye aliyeuweka huo mchezo Jumatano ulipoenda kula."

"Riddhi anajua?"

"Anajua. Alitaka kumwambia baba yake yaishe. Mimi nikakataa. Nikamwambia, huyo dada nataka aseme kwa mdomo wake."

Munyiva akakaa. Ufagio ukamtoka mkononi.

"Mungai, nina wadogo wawili wanasoma kwa kazi hii."

"Na mimi nina mama Murang'a anayeulizwa kanisani kama mwanawe bado anaharibu vitu vya Wahindi. Tusipimane shida, tutakesha."

Kisanduku cha betri kikalia: *tii, tii.*

"Sawa," Munyiva akasema kwa sauti ndogo. "Yote nimeelewa. Lakini sauti ya mama ulitoa wapi? Wimbo ulifutika wote."

Mungai akakunja uso. "Sauti gani?"

Kabla hajajibiwa, hatua zikasikika kwenye ngazi. Viatu vizito vya mwanamume, na mlio wa bangili.

Bwana Lalit aliingia na sinia ya shaba: maua ya rangi ya machungwa, kikombe cha unga mwekundu, vitamu vya ladu, taa moja ya mafuta. Nyuma yake Riddhi, ana hereni za mama yake masikioni. Mzee alipomwona Mungai, alisimama pale pale.

"Nilikwambia usikanyage hapa."

Mungai alimtazama Munyiva. Riddhi naye akamtazama Munyiva.

Munyiva akatazama sakafu.

"Haya," Bwana Lalit akasema, "leo ni siku kubwa, sitagombana. Nikimaliza, nikukute umeshashuka."

Akaanza kazi. Akachovya kidole cha pete kwenye unga, akapaka nukta kwenye skrini ya namba moja, akanong'ona. Namba mbili. Namba tatu. Kila nukta, Munyiva alihisi kama inapakwa juu ya ulimi wake.

Akafika namba nne. Akasimama muda mrefu. Hapo ndipo wimbo ulikuwa ukianza.

"Hii inauliza nini?" Akasogeza miwani. Kiingereza angalisoma, lakini maneno yalikuwa ya Kiswahili na herufi ndogo, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Munyiva, hii inataka nini? Nibonyeze ndiyo?"

Maana na yeye ni mtu wa kubonyeza ndiyo. Duka zima lilijifunza kwake.

Kidole chekundu kikashuka kuelekea kibodi.

Munyiva aliruka. Akaushika mkono wa bosi wake kwa mikono miwili, jambo ambalo hajawahi kulifanya, unga mwekundu ukamjaa viganjani.

"Usibonyeze, Mzee. Hiyo niliibonyeza mimi."

"Nini?"

"Agosti. Ni mimi niliyefuta wimbo wa mama. Mungai hakuwepo. Alikuwa Karen. Aliniambia nisiguse, nikagusa. Ukaniuliza, nikadanganya."

*Tii. Tii. Tii.*

Bwana Lalit alitoa mkono wake polepole. Alimtazama binti yake, na Riddhi akainamisha kichwa: ni kweli, Bapuji, baba yangu. Mzee akageuka kwa Mungai. Kidole kilikuwa bado kina unga. Akakiinua, akampaka nukta nyekundu kwenye paji la uso.

"Nilikufukuza mbele ya watu," akasema. "Watu hawapo leo. Jumatatu watakuwepo, nitarudia."

Mungai akaigusa nukta kwa ncha ya kidole.

"Munyiva, lete ufunguo wa geti."

Akauvua shingoni. Bwana Lalit akampa Mungai.

"Sasa wewe ni mkubwa wake. Yeye habonyezi kitu hujamwambia." Kisha kwa Munyiva, bila kumtazama: "Nimekasirika sana. Nikufanye nini, sijui. Ningekuwa peke yangu ningekufukuza hivi sasa. Lakini najua marehemu angeniuliza nini. Angeniuliza kama umekula."

Munyiva akafuta viganja vyekundu kwenye nguo.

"Ameshaniuliza, Mzee. Leo. Kabla hamjaja."

Riddhi akatafuta pa kukaa. Akakaa kwenye kiti cha plastiki cheupe kando ya dirisha.

"Mungai," akasema, "umefanya nini? Mchezo ulionionyesha ulikuwa bubu."

"Ni bubu." Mungai alishainama juu ya begi, akatoa karatasi za programu yake. "Angalia, dada. Picha na maneno. Sina sauti ya mama, ningeitoa wapi? Na hereni ya embe niliichora kutoka kwenye picha uliyonipa."

"Aliniita beta," Munyiva akasema.

Mungai akasimama kufikiri. Kisha uso ukamfunguka. Akagonga zile spika mbili kwa ukucha.

"Ni hizi. Spika za bei rahisi hushika redio, waya wake ni kama eriali. Leo ni Diwali, kituo cha redio cha Wahindi, ghorofa ya juu yetu, kinatuma salamu tangu asubuhi. Mama fulani anauliza binti yake amekula, wewe na dhambi zako ukasikia jina lako."

Bwana Lalit alitikisa kichwa, akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Riddhi akacheka. Hata Munyiva akatabasamu, machozi yakiwa bado shavuni. Betri ikaisha, namba nne ikazimika yenyewe bila mtu kubonyeza kitu, na Bwana Lalit akaimba wimbo wa mkewe kwa sauti yake mbovu, akauharibu vizuri. Kisha wakagawana ladu.

Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini, wapenzi wasomaji. Nikapeleka karatasi zangu gazetini, nikamkabidhi Namalwa, binti anayenipigia chapa maana mwandiko wangu wahariri wanaukimbia. Nikakaa kumsubiri, nimeridhika na nafsi yangu.

Namalwa alifika kwenye spika, akaacha kupiga.

"Babu, umesema hapa kila kitu ni kweli?"

"Nimeapa kwa meno."

"Mimi kazi yangu ya chuo niliichapia pale. Kwenye hiyo hiyo namba nne, mwezi mzima. Bwana Lalit hana spika duka zima. Anasema wateja wataleta disko; za ule wimbo wa Diwali huja nazo kutoka nyumbani. Ukitaka kusikia kitu, unaomba visikizio vya masikioni, na visikizio vinakaa kwenye droo ya kufuli."

Nilijaribu kukohoa. Nikasema huenda walinunua baadaye. Akasema alipita pale Jumatatu kupiga fotokopi, na hazipo. Akanitazama vile wanawake wa Bungoma humtazama mtu aliyeahidi kuku.

Nikalipa. Tulikwenda hoteli moja nyuma ya Barabara ya Latema, akaletewa kuku mzima na sima ya wimbi, nami nikaletewa chai kavu. Alianza na firigisi. Aliitafuna taratibu, akinitazama machoni, firigisi ambayo kwao mwanamke hata hapewi aionje.

"Spika niliziweka mimi," nikakiri. "Tangu wiki ya kwanza. Na habari ya redio niliitunga mimi, nikamtia Mungai mdomoni."

"Kwa nini?"

"Ili watu walale."

Akaacha kutafuna. "Kwa hiyo visikizio ndivyo alivyovaa?"

"Droo ilikuwa na kufuli. Ufunguo wa droo alikuwa nao Lalit, Parklands."

"Basi alisikia kupitia nini, Babu?"

Nikazungusha kikombe changu. Munyiva aliniomba nisiliandike hili, lakini ahadi ni deni na mimi leo nimeshikwa. Sauti haikutoka kwenye kompyuta. Ilitoka nyuma yake, karibu sana, kutoka kwenye kiti cheupe cha plastiki kando ya dirisha, kile alichokuwa akikalia Sejal akikata thepla, kile ambacho tangu afariki hakuna mtu aliyekikalia.

Na mmeona wenyewe ni nani niliyemwacha amekikalia, ana hereni za embe masikioni.

Walipomaliza ladu, Riddhi aliinuka, akamgusa Munyiva bega, akamuuliza neno moja, lile la saa saba, kwa sauti ambayo haikuwa yake.